Nyika Isiyo na Mtu

Simba wa kwanza maishani mwangu nilimwona ukutani. Sisi tuliokulia Tengeru tulikuwa na hifadhi jirani, lakini tulichokiona ni magari ya watalii yakitimua vumbi. Shule ilitupeleka Boma la zamani mjini Arusha, ngome ya Wajerumani ambayo siku hizi ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Nikaganda mbele ya picha za wanyama mpaka mwalimu akanivuta mkono. Rangi zile! Sharubu ungezihesabu.

Baadaye tukapelekwa Makumbusho ya Azimio la Arusha, Kaloleni, karibu na Mnara wa Mwenge, kwenye jengo walimokutana wakuu wa TANU Januari 1967. Picha za mle zilinichosha. Nyeusi na nyeupe, zimefifia, watu wazima wamejipanga. Namtafuta Mwalimu Nyerere, nikishamwona napita.

Aliyenigeuza ni bibi mzaa baba. Alikuwa msichana Ngarenanyuki mwaka 1951, serikali ya Mwingereza ilipowahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 na kuziteketeza nyumba zao, ili walowezi wapate pa kufugia ng'ombe. Wameru wakachangishana, na 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuishtaki serikali hiyo kwenye Umoja wa Mataifa. Bibi yeye alisimulia moshi, na mbuzi waliotawanyika.

Tangu hapo nyika ya kwenye picha za wanyama ikaanza kunikera. Migunga, twiga, mlima kwa mbali, na hakuna mtu, hata kijia cha miguu hakuna. Simlaumu mpiga picha, alifuata wanyama. Ila sasa najiuliza nani alikuwa akichunga pale.

Na Kaloleni ndiko ninakokawia. Mwalimu namwacha katikati ya picha, naangalia kandokando: mama aliyekunja uso kwa jua, mtoto mgongoni, katambuga zilizolika visigino, mzee wa shuka aliyegeukia kwingine kabisa, kama vile mkutano haumhusu. Maelezo ya chini yanamtaja kiongozi na mwaka, basi.

Majina ya hao wengine yako majumbani. Akheri, Poli, Nkoaranga, ukikaribishwa chai utaletewa albamu: bibi na babu studio, pazia lililochorwa nyuma, maua ya plastiki, redio ya mpiga picha mapajani, na mwenyeji atakutajia kila mmoja na ukoo wake. Makumbusho waziombe picha hizo. Zitaletwa kwa mabahasha, mradi tu wazirudishe.