Bwana Shamba Alilala, Ndege Ikaruka

Hapa Lizaboni, mjini Songea, hatuhitaji saa ya kutuamsha. Jogoo wa jirani huwika. Adhana husikika, kisha kengele ya kanisa. Mwezi wa Juni baridi ya milima ya Matogoro hupita chini ya mlango, na mtu huamka hata kama hataki. Mimi ni bwana shamba. Kwa miaka mingi nimewaambia wakulima wawahi shambani na wawahi mkutanoni. Leo naeleza jinsi nilivyolala mimi mwenyewe.

Kikundi chetu kina wakulima 11. Walipouza mahindi, kila mmoja alitoa fedha zake ili twende Uganda. Tulitaka kufika Namulonge, kituo cha utafiti karibu na Kampala. Huko wataalamu huchunguza muhogo na magonjwa yake mawili makubwa, batobato na michirizi kahawia. Huu wa pili ndio unaotuumiza. Shina linaweza kuonekana zima. Ukichimba na kukata muhogo, ndani unakuta madoa ya kahawia, makavu kama gome. Mama anarudi nyumbani na kapu tupu.

Tuliondoka Songea alfajiri kwa basi. Hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900. Tulipita Njombe, Makambako na Iringa. Mikumi tuliona twiga na tembo bila kulipa kiingilio.

Njiani niligawa tiketi za ndege. Zilikuwa zimeandikwa 05:40. Mzee mmoja alisoma, akasema, "Saa tano na dakika arobaini. Basi tutakunywa chai kwanza." Alisoma vizuri, lakini saa ya tiketi si saa yetu. Sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza. Saa ya tiketi huanza kuhesabu usiku wa manane. Kwa hiyo, namba ikiwa 6 au chini yake, ongeza 6. Ikiwa 7 hadi 18, toa 6. Ikiwa 19 au zaidi, toa 18. 05:40 ni saa 11:40 alfajiri. 14:00 ni saa 8 mchana. 20:00 ni saa 2 usiku.

Nilieleza hayo mara mbili, kwa sauti kubwa. Kisha nilikusanya pasi zote za kusafiria na kadi za chanjo ya homa ya manjano, maana Uganda huitaka kadi hiyo. Niliziweka katika mkoba wangu. Nilisema wakulima wanaweza kuzipoteza.

Usiku wakulima walilala nyumba ya wageni Kipawa, jirani na uwanja wa ndege. Mimi nilikwenda kwa mpwa wangu, Gongo la Mboto, ili nisilipe chumba. Mpwa wangu ni mlinzi, na usiku ule alikuwa kazini. Nilichomeka simu ukutani ipate moto, nikaweka kengele ya saa 7 usiku. Lakini soketi ile ina swichi, nami sikuibonyeza. Simu ilizimika nikiwa usingizini. Dirisha lilifungwa kwa ajili ya mbu, feni ilivuma. Jogoo hakuna.

Niliamshwa na adhana ya alfajiri. Nilishika mkoba, nikakimbilia bodaboda. Tukiwa barabarani ndege ilipita juu ya vichwa vyetu. Sikujua kama ndiyo yetu, lakini miguu iliishiwa nguvu.

Niliwakuta nje ya Jengo la Tatu la abiria, lile lililofunguliwa mwaka 2019. Walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao. Walifika tangu saa 8 usiku. Hawakuwa na kengele wala simu ya maana. Walilala kwa zamu, kama tunavyolinda mahindi dhidi ya nguruwe pori. Walipofika dawatini waliombwa pasi, na pasi ninazo mimi. Walinipigia simu tena na tena, haikupatikana. Saa 10:40 dawati lilifungwa, maana ndege ya nje haingoji abiria hadi dakika ya mwisho.

Nilitegemea matusi. Hakuna aliyenitukana. Mzee yule wa chai alinitazama, akasema, "Bwana shamba, sisi tulikuja kuona muhogo."

Tulisafiri kesho yake. Fedha za kubadili tiketi nililipa mimi kwa mkopo, nikakatwa mshahara miezi 8. Lakini siku tuliyopangiwa Namulonge ilikuwa imepita. Tuliona Ziwa Viktoria pale Entebbe, tukaona mashamba ya ndizi, watu wakatupokea vizuri sana. Muhogo tuliupitia kwa mbali, kupitia dirisha la gari. Fedha hulipika. Siku ile sijui nitawalipaje.

Baadaye kikundi kilikwenda Mbeya kwenye maonyesho ya Nane Nane. Safari hii kila mtu alibeba karatasi zake. Basi lilikuwa la saa 11 alfajiri. Saa 8 usiku dirisha langu, hapa Lizaboni, liligongwa kwa fimbo. Nilikuwa macho, nimeshavaa viatu. Nje alisimama mzee yule na kurunzi.

"Nimekuja kukuhesabu," alisema.