Bukavu: Polisi wajifunze kuhamisha walemavu wakati wa hatari

Ijumaa tarehe 14 Februari 2025, wapiganaji wa M23 walianza kuingia Bukavu. Siku hizo familia nyingi zilikimbia, mizigo kichwani na watoto mgongoni. Lakini kipofu, kiziwi ao mtu asiyeweza kutembea humtegemea ndugu ao jirani. Akimkosa, hubaki nyumbani.

Si vita tu. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi lilibomoa nyumba mjini. Kule Kadutu, nyumba za mbao zimeshikana. Moto ukiwaka, gari la zimamoto halipati njia. Mvua nayo huporomosha udongo wa vilima usiku, watu wakiwa wamelala.

Sheria ipo. Kongo iliingia mwaka 2015 katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za walemavu, ambao kifungu chake cha 11 kinadai walindwe wakati wa vita na maafa. Sheria ya nchi ya tarehe 3 Mei 2022 nayo inalinda haki zao. Kinachobaki ni askari polisi anayefika mlangoni: je, anajua la kufanya?

Hayo hujifunzwa. Kiziwi hasikii firimbi wala kipaza sauti. Aguswe begani, aonyeshwe njia kwa mkono. Kipofu asivutwe, apewe mkono ashike, na aambiwe palipo ngazi ao mfereji. Asiyetembea aulizwe kwanza namna ya kumbeba, kwani yeye ndiye anajua mwili wake unaumia wapi. Baiskeli yake ya magurudumu matatu isiachwe nyuma kama inaweza kubebwa: bila hiyo, huko anakokimbilia hataweza hata kwenda kuchota maji. Na walimu wa masomo hayo wawe walemavu wenyewe.

Polisi peke yake haiwezi kujua nani analala nyumba gani. Nyumbakumi anaweza. Familia yenye mlemavu imjulishe leo, hata familia ya wahamaji iliyopokelewa kwa ndugu, maana jina lake mara nyingi halijulikani mtaani. Ichague pia majirani wawili watakaombeba, na ijaribu nao ile njia ya kutokea kungali mchana.

Yeyote atakayevaa sare ya polisi Bukavu, kazi hiyo itamngoja.