Mashine Ikisema Hapana, Nani Atajibu?



Katika shule zetu za Kongo liko neno moja ambalo mtoto wa mwalimu hulijua kabla ya kujua kusoma: mekanize. Tumelichukua kwa Kifaransa, na sasa ni letu. Mwalimu aliye mekanize ni yule ambaye jina lake na namba yake ya utumishi vimeingia katika orodha ya mishahara inayotengenezwa na kompyuta kule Kinshasa. Asiye mekanize anaweza kuamka alfajiri, kufundisha asubuhi yote, kusahihisha madaftari ya watoto sitini usiku kwa mwanga wa tochi, na mwisho wa mwezi orodha ikasema kwamba hayupo. Wengi wao huitwa N.U., herufi mbili za Kifaransa zenye maana ya watumishi wapya, ingawa kati yao wamo waliokwisha kuota mvi darasani.

Kwa hiyo tunaposikia kwamba serikali za dunia zinaingiza akili bandia na mashine zinazojiendesha katika ofisi zao, ili zipokee maombi, zigawe misaada na kuwasaka wadanganyifu, tusidhani jambo hilo ni la mbali. Sisi tumelelewa na orodha. Tumekwisha kuonja utamu wake na uchungu wake.

Utamu nitausema kwanza, kwa maana haki inadai hivyo. Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Zamani mshahara wake ulishuka kutoka mkono hadi mkono, na kila mkono ulibaki na kitu. Tangu mwaka 2011 serikali ilipoanza kuwalipa watumishi wake kwa njia ya benki, na mahali pasipo benki Caritas ikasaidia kuwafikishia walimu mishahara yao, mambo yalibadilika. Mama alipokea kiasi kile kile kilichoandikwa. Kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa kizima. Sitakubaliana na mtu anayesema kwamba tarakimu zimetuletea hasara tupu.

Uchungu ulikuja mwaka uliofuata orodha mpya. Katika karatasi za zamani jina lake liliandikwa kwa C. Katika orodha mpya liliandikwa kwa Ch. Masikio yetu hayasikii tofauti yoyote, lakini kompyuta iliona watu wawili, na mmoja wao hakuwa na haki ya kulipwa. Alikaa miezi saba bila mshahara, akiendelea kufundisha. Dirishani aliambiwa: «Mama, mashine haikuoni.» Kijana aliyemjibu hakuwa na ukali wowote. Alikuwa na huruma, lakini hakuwa na ufunguo. Hakujua ni nani aliyeandika ile Ch, wala ni nani aliyepewa mamlaka ya kuifuta. Aliyemwokoa mama alikuwa karani mmoja mzee wa ofisi ya elimu. Alifungua daftari lake kubwa, akalinganisha saini, akamkumbuka mama tangu alipoanza kazi, akaandika barua kwa jina lake mwenyewe, kisha akaifuatilia mpaka ikajibiwa.

Tangu hapo, kila ninaposoma habari za mashine za serikali, sihoji sana mashine ina akili kiasi gani. Ninatafuta kujua kama yule karani bado yupo.

Kisa kinachonifundisha zaidi kilitokea Australia, nchi tajiri yenye mahakama imara. Huko serikali huwapa msaada wa fedha wasio na kazi, wanafunzi na wagonjwa, kupitia ofisi iitwayo Centrelink. Anayepokea msaada alitakiwa kutangaza kila majuma mawili amepata kiasi gani kwa kazi, na msaada ulipungua kadiri pato lake lilivyoongezeka. Kompyuta ilipoona tofauti kati ya maneno yake na hesabu za ofisi ya kodi, karani alichukua faili, akachunguza, akaweza hata kumwuliza mwajiri, ndipo akaamua. Kuanzia mwaka 2015 kwa majaribio, na mwaka 2016 kwa upana, mpango ambao watu waliuita Robodebt ulimwondoa karani huyo. Mashine ilichukua pato la mtu, ikaligawa sawasawa juu ya majuma yote, kana kwamba kila mtu hupata kiasi kile kile mwaka mzima.

Tufanye hesabu pamoja. Mwanafunzi anafanya kibarua majuma manane ya likizo, anapata dola 5,200, kisha anarudi masomoni na kuishi kwa msaada. Mwaka una vipindi 26 vya majuma mawili. Gawanya 5,200 kwa 26, utapata 200. Basi mashine ilimwona mwanafunzi huyo ana dola 200 kila majuma mawili, hata katika miezi ambayo alitangaza kwa ukweli kwamba hakupata kitu. Ikamhesabu kuwa mwongo, ikamwandikia barua ya deni. Na ili kujitetea, ilikuwa juu yake kutafuta karatasi za mishahara za miaka iliyopita, labda kwa mwajiri aliyekwisha kufunga duka.

Mwezi wa Novemba 2019 serikali ya Australia ilikubali mahakamani kwamba deni la namna hiyo halikuwa na msingi wa sheria. Mwaka 2020 ilitangaza kwamba itarudisha dola milioni 721 za nchi hiyo, kwa madeni yapatayo 470,000. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Catherine Holmes ilitoa ripoti yake Julai 2023. Mbele ya tume hiyo walifika pia akina mama waliosimulia juu ya wana wao walioandamwa na madeni hayo hata wakajiua. Fedha zinaweza kurudishwa. Wana hao hawakurudi.

Angalieni sasa, ndugu zangu: katika mpango ule hamkuwa na akili bandia. Ilikuwa ni kugawanya tu, hesabu ya mtoto wa darasa la tano. Kilicholeta maangamizi ni kwamba hesabu iliwekwa mahali pa mtu, na mzigo wa kuthibitisha ukahamishwa kutoka kwa mwenye nguvu ukatwikwa mnyonge. Wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mashine, kwa upande wake, haijapata kuwa na njaa hata siku moja.

Akili bandia ikiingia, hatari hiyo inaongeza giza, kwa sababu aliyehukumiwa hajui hata hesabu iliyomhukumu. Nchini Uholanzi ofisi ya kodi ilitumia programu iliyojifunza yenyewe kukisia ni wazazi gani, kati ya waliopokea msaada wa malezi ya watoto, wanaoelekea kukosea au kudanganya. Kutokuwa na uraia wa Kiholanzi kulikuwa miongoni mwa alama zilizoongeza shaka. Maelfu ya familia zilidaiwa fedha, nyingine makumi ya maelfu ya euro, mara nyingine kwa kosa dogo kama saini iliyokosekana. Tarehe 15 Januari 2021 serikali ya Mark Rutte ilijiuzulu kwa ajili ya jambo hilo.

Je, tukimbie? Hapana. Katika bara letu wenyewe, Togo ilionyesha njia nyingine. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa corona, serikali yake ilianzisha mpango wa Novissi kwa ajili ya watu wa kazi ndogo ndogo waliofungiwa riziki. Mtu alipiga namba fupi kwa simu ya kawaida, akaandika namba ya kadi yake ya mpiga kura, na aliyestahili akapokea fedha katika simu yake. Wanawake walipewa zaidi kidogo kuliko wanaume. Baadaye, ili kuwafikia maskini wa vijijini, wataalamu walitumia akili bandia kusoma picha za satelaiti na namna watu wanavyotumia simu, wakakisia umaskini uko wapi. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba njia hiyo iliacha nje maskini wachache kuliko kuchagua kwa maeneo peke yake. Lakini ulisema pia kwamba orodha kamili ya kaya zote, kama ingekuwapo, ingefanya vizuri zaidi. Maana yake ni kwamba hata mashine bora haifuti kazi ya kwenda mlango kwa mlango na kuuliza: nani anaishi hapa?

Hapo ndipo Kongo yetu inapoguswa. Hesabu ya mwisho ya watu wote nchini ilifanyika mwaka 1984. Watoto wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Kwa watu wengi kitambulisho ni kadi ya mpiga kura, na wangapi waliipoteza walipokimbia vita usiku? Majina yetu huandikwa kwa C, kwa Ch, kwa Tsh, kadiri ya sikio la mwandishi. Mashine yoyote itakayoletwa juu ya msingi huu itarithi mashimo yake yote. Atakayetumbukia kwanza ni bibi wa kijijini, mkimbizi wa kambini, mwalimu wa N.U.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, alipohutubia viongozi wa G7 kule Italia tarehe 14 Juni 2024, alitaja programu zinazomsaidia hakimu kuamua kama mfungwa aruhusiwe kutumikia kifungo chake nyumbani. Alikumbusha kwamba mwanadamu huendelea kukua na anaweza kutushangaza kwa matendo yake, jambo ambalo mashine haiwezi kulitia katika hesabu. Ninaongeza kwa udogo wangu: mashine inajua jana ya mtu tu. Karani mwema humwachia mlango wa kesho.

Kwa hiyo, serikali ikituletea mashine, sisi raia tuna haki ya kudai mambo matatu. La kwanza, anayenyimwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa. La pili, awepo mtu mwenye jina na ofisi, aliyepewa mamlaka ya kuligeuza neno la mashine. La tatu, mpaka ukweli uonekane, mnyonge asikatiwe chakula, wala asiachiwe peke yake mzigo wa kuthibitisha. Madai haya hayapingi maendeleo. Togo walitumia simu na satelaiti; kinachodaiwa ni kwamba nyuma ya simu awepo mtu.

Nanyi mna kazi tangu sasa. Anayesoma informatika asijifunze kutengeneza programu tu; ajifunze pia kuwauliza watakaohukumiwa nayo. Atakayekuwa karani ajue kwamba kusema «mashine imekataa» hakumwondolei wajibu. Na kikundi chote kinaweza kuanza Jumamosi hii hii: kupita kwa wazee na wajane wa mtaa, kutazama kama jina limeandikwa namna moja katika karatasi zao zote, kutengeneza nakala na kuzihifadhi, na kuwasaidia kuandika barua ya malalamiko panapohitajika. Kazi hiyo ni ndogo na haina sifa. Lakini mtu aliyekwisha kufutwa na orodha anajua thamani ya kijana anayekuja na kalamu na kumwuliza: «Mama, jina lako linaandikwaje?»

Maswali kwa kikao cha kikundi:

1. Katika mtaa wetu, ni nani ambaye jina lake halionekani katika orodha yoyote? Tunamjua kwa jina?

2. Je, tumewahi kuambiwa «kompyuta imekataa»? Ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kutusikiliza, na tulimfikiaje?

3. Kama mmoja wetu angepewa kazi ya kutengeneza mashine ya kugawa msaada katika komini yetu, angeanza kwa kuwauliza watu gani?