Vumbi la Qurus, Moshi wa Ubungo

Msafiri aendaye Ngorongoro kutoka Arusha hukata yapata kilomita 140 kabla ya kuufikia mji wa Karatu. Hupita Makuyuni, huvuka Mto wa Mbu, kisha gari huanza kuukwea ukuta wa Bonde la Ufa. Huko juu hewa hubadilika na baridi huuma, na macho hukutana na mashamba ya ngano, mahindi na maharage juu ya udongo mwekundu. Ndiyo nchi iliyo na kata ya Qurus. Wenyeji wake wengi ni Wairaqw, ambao baadhi yetu tumezoea kuwaita Wambulu, na hiyo Q yao hutamkwa ndani kabisa ya koo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, barabara ya Makuyuni hadi lango la Ngorongoro ilitiwa lami kwa msaada wa Japani. Hapana shaka ilikuwa neema. Mazao yalipata njia ya kwenda sokoni, wagonjwa wakawahi hospitali, na magari ya watalii yakaongezeka. Lakini njia nyingi za vijijini zimebaki za udongo. Wakati wa kiangazi gari moja tu likipita, wingu jekundu husimama hewani kwa muda mrefu, kisha hutua juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya chungu kisicho na kifuniko, na ndani ya vifua vya watoto watokao shule. Abiria wa gari lile hana habari, kwani amekwishafunga vioo.

Hilo ndilo jambo ninalotaka tulitazame, ndugu msomaji. Barabara hupimwa kwa faida ya yule apitaye, na mara chache hupimwa kwa hali ya yule abakiye kando yake.

Tusidhani kwamba hayo ni ya shamba tu. Jijini Dar es Salaam, Februari 24, 2021, lilifunguliwa daraja la ngazi tatu la Ubungo, likapewa jina la Balozi John Kijazi, aliyefariki siku chache kabla. Hapo zinakutana barabara za Morogoro, Mandela na Sam Nujoma. Foleni iliyokuwa ikiwachosha wafanyakazi ilipunguzwa, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, zege hainyonyi kelele, huirudisha. Ngurumo ya lori lililo juu huwafikia walio mbali, na ya lile lipitalo chini hugonga ukuta huu na ule kabla haijatoka. Moshi nao, ukikosa upepo, hukawia pale pale walipo wachuuzi na wasubirio basi.

Miji mikubwa ya ng'ambo iliyochimba barabara chini ya ardhi imelijua tatizo hili zaidi. Moshi wa magari yote yaliyomo hutokea kwenye midomo ya handaki, isipokuwa pamewekwa feni kubwa na mabomba ya kuutolea juu. Aliyejenga karibu na mdomo huo huvuta mabaki ya safari za maelfu ya watu.

Wairaqw hawakuhitaji wahandisi ili kuyafahamu maisha ya chini ya ardhi. Zamani za vita vya kunyang'anyana ng'ombe, walichimba nyumba zao ubavuni mwa kilima na kuziezeka kwa udongo, hata adui aliye mbali asizione. Watu na mifugo walilala humo pamoja na moto wao. Nyumba ile iliweza kumficha mtu asionekane, lakini moshi ulihitaji njia yake ya kutokea.

Yako mambo yaliyokwisha kufanyika. Petroli yenye risasi iliondolewa kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, na tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zinataka dizeli yenye salfa kidogo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Wengi huiona hifadhi hiyo kama eneo la kuvunjiwa nyumba tu, lakini nafasi hiyo pia huukinga mwili. Kelele za barabara yenye magari mengi hupungua kwa desibeli 3 hivi kila umbali unapozidishwa maradufu. Kwa hiyo kusogea hatua mbili hakusaidii kitu.

Ubungo palikwisha kujaa watu kabla ya zege kuja. Qurus bado ina nafasi. Darasa jipya na zahanati vijengwe mbali na njia kuu, miti ipandwe mapema ipate kuzuia vumbi, na madereva wapunguze mwendo wapitapo makazi ya watu. Haya yote ni kazi ya serikali ya kijiji na wananchi wake, nayo hayahitaji fedha za mkopo. Yanahitaji kuamuliwa sasa, kabla ya bei ya kiwanja cha barabarani kupanda na kila mtu kutaka kujenga mbele ya mwenzake.