Hata Mjakazi Apumzike



Juma lililopita tulialikwa katika chuo kikuu kilicho jirani na parokia yetu, ili tusali katika uzinduzi wa mpango wa afya ya wafanyakazi. Uongozi wa chuo umeamua kwamba kila Jumatano na Ijumaa, ifikapo saa tisa alasiri, wafanyakazi wataacha ofisi na kwenda uwanjani kufanya mazoezi, na muda huo utahesabiwa kuwa ni muda wa kazi. Aidha, watapimwa shinikizo la damu na sukari bila malipo.

Tulifurahi, na sababu tunayo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila juma, tena apunguze muda wa kukaa. Nani kati yetu tunaoshinda mezani anafikisha hizo? Tulipopewa nafasi tulizungumza juu ya Mtume Paulo, aliyewakumbusha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Tukapigiwa makofi.

Tulipokuwa tukitoka, mama mmoja wa jumuiya zetu ndogo ndogo alitusimamisha ukumbini. Mkononi alikuwa na ndoo na dekio.

"Baba Paroko, maneno yako ni mazuri," alisema kwa upole. "Ila sisi wa usafi hatumo. Sisi ni watu wa wakala. Wenzetu wakienda uwanjani, ndipo tunaambiwa tudeki ofisi zao."

Tulimwambia kwamba tungeuomba uongozi uwaruhusu nao wakakimbie. Akacheka kidogo. "Nikimbie wapi tena, Baba? Tangu alfajiri nimeinama. Mimi ningeomba niketi kidogo, na nipimwe presha kama wao."

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumehubiri juu ya hekalu, tukawasahau wanaolifagia.

Usiku ule tulifungua tena Kitabu cha Kutoka na kile cha Kumbukumbu la Torati. Amri ya Sabato haimpumzishi bwana peke yake. Inamtaja mtumwa, mjakazi na mgeni. Inamtaja hata ng'ombe na punda. Nayo Kumbukumbu la Torati inatoa sababu: Waisraeli wakumbuke kwamba nao walikuwa watumwa Misri. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alihesabu matibabu na mapumziko kuwa miongoni mwa haki za mfanyakazi. Alifundisha pia kwamba, pamoja na mwajiri anayetia sahihi mkataba, wapo wengine ambao maamuzi yao hugusa hali ya mfanyakazi, nao wana wajibu. Kwa hiyo neno "ni watu wa wakala" halituondolei deni. Afya ya aliyeketi mchana kutwa ni kujongea. Afya ya aliyeinama mchana kutwa ni kuketi. Haki ni kumpa kila mmoja kile ambacho mwili wake unakidai.

Asubuhi tulikaa kuuandikia uongozi wa chuo. Kabla kalamu haijagusa karatasi, mpishi wetu alituletea chai. Tulimwuliza ni lini alipumzika siku nzima. Alidhani tunamtania. Alihesabu, akashindwa kukumbuka. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi walau saa 24 za mapumziko kila juma! Boriti ilikuwa jichoni mwetu wenyewe, wapendwa, na tunawaomba radhi yeye na ninyi.

Kuanzia juma hili, Jumatatu ni siku yake ya kupumzika. Mapadre tutajipikia, nanyi mtuombee. Mlinzi wa usiku amepatiwa wa kumpokea, na suala la bima yao ya afya litafikishwa kwenye Halmashauri ya Walei. Baada ya hayo ndipo tuliandika ile barua kwa chuo. Majibu bado tunayasubiri.

Nanyi mlio na dada wa kazi nyumbani, kijana wa dukani au mlinzi getini, muulizeni leo: mara ya mwisho ulipumzika lini? Kisha msikilizeni mpaka amalize.

Tunawatakia Dominika njema.

Paroko wenu