Siku ya Theluji katika Njia ya Gavia

Upande wa kaskazini wa nchi ya Italia, si mbali na mpaka wa Uswisi, iko njia nyembamba ipandayo mlima hata kufika mahali paitwapo Gavia, meta 2,621 juu ya usawa wa bahari. Kwa watu wa Kenya kimo hicho si cha ajabu. Aliyesafiri kwa gari moshi akapita Timboroa amefika juu zaidi ya hapo, na koti moja lilimtosha. Lakini Italia iko mbali na ikweta, na milima yake hupata theluji hata katika mwezi wa Juni, ambao huko ni mwanzo wa majira ya joto.

Njia hiyo huanza katika kijiji cha Ponte di Legno, hupanda kwa kilometa 18 hivi, kisha huteremka upande wa pili kwa kilometa 25 hivi mpaka mji wa Bormio. Siku hizi imetiwa lami. Mwaka wa 1988 sehemu za juu zilikuwa udongo na changarawe, nyembamba hata magari mawili yakutanapo hupishana kwa taabu, na mwinuko wake mahali pengine ulifika asilimia 16.

Mashindano ya baiskeli ya kuizunguka nchi hiyo, yaitwayo Giro d'Italia, yalianza mwaka wa 1909. Huchukua majuma matatu. Kila siku washindani huenda kutoka mji hata mji, na saa zao hujumlishwa. Yule ambaye jumla yake ni ndogo kuliko ya wenzake huvaa fulana ya rangi ya waridi, kwa kuwa gazeti lililoyaanzisha, La Gazzetta dello Sport, hupigwa chapa katika karatasi ya rangi hiyo. Gavia ilipitiwa mara ya kwanza mwaka wa 1960, na sifa yake mbaya ilianza hapo.

Jumapili, tarehe 5 Juni, 1988, safari ilikuwa ya kutoka Chiesa Valmalenco hadi Bormio, kilometa 120. Aliyevaa fulana ya waridi alikuwa mwenyeji, Franco Chioccioli. Asubuhi mvua ya baridi ilinyesha mabondeni, na habari zilizotoka juu zilisema kwamba kule inaanguka theluji. Waandalizi wakakata shauri kwamba njia inapitika. Je, walifanya vema? Watu wangali wakibishana juu ya neno hilo, na ni vigumu kuwatetea, maana waliokata shauri walikwenda kwa motakaa.

Miongoni mwa washindani alikuwamo Mmarekani, Andy Hampsten, mwenye umri wa miaka 26, aliyelelewa katika jimbo la North Dakota ambako baridi ni kali mno. Wakuu wa kikosi chake hawakungoja kuona. Asubuhi ile walikwenda katika duka la vifaa vya watu wachezao juu ya theluji, wakanunua glavu, kofia za sufu na nguo nzito, wakazitia katika mifuko ili vijana wao wapewe karibu na kilele. Wapandaji nao wakajipaka miilini mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo, ili maji yasiingie upesi katika ngozi.

Mvua iligeuka theluji walipokuwa wakipanda. Njia ikawa matope, na matope yakachanganyika na barafu. Hampsten aliwatangulia wenzake wengi, akiogopa kubadili giya kwa kuwa zilikuwa zinaganda. Alipotaka kuvaa kofia alipitisha mkono kichwani, akidhani anafuta maji. Kumbe lilikuwa donge la theluji lililokaa juu ya nywele, likaporomoka mgongoni mwake.

Lakini taabu yenyewe haikuwa katika kupanda. Apandaye mlima hufanya kazi, na kazi humpasha joto. Ateremkaye hana kazi. Amelowa jasho na mvua, na upepo wa mwendo wake mwenyewe humpiga kifuani. Kila mtu aendaye kazini kwa baiskeli alfajiri ya mwezi wa Julai ameonja jambo hili kwa kiasi chake. Vidole vya watu wale vilikufa ganzi, hata kuvuta breki ikawa kazi ya kukisia. Wengine walisimama kando ya njia wakitetemeka, na watazamaji wakawapa makoti na vinywaji vya moto.

Aliyefika kileleni wa kwanza alikuwa Mholanzi, Johan van der Velde, mwenye mikono mitupu katika fulana fupi. Alikuwa ameshinda mlima. Aliteremka kidogo tu, mwili ukakataa, akalazimika kusimama, kujikinga na kupashwa moto. Alifika Bormio dakika 47 hivi nyuma ya mshindi.

Mshindi wa siku hiyo alikuwa Mholanzi mwingine, Erik Breukink, aliyemfikia Hampsten karibu na mji na kumpita kwa sekunde saba. Chioccioli alikuja baadaye, na fulana ya waridi ikamwendea Mmarekani. Tarehe 12 Juni mashindano yalipokwisha, alikuwa nayo bado, akimzidi Breukink kwa dakika 1 na sekunde 43. Kabla yake hakuna mtu wa Marekani aliyepata kushinda Giro.

Mwaka wa 2013 theluji ilipoifunga Gavia tena, safari ya siku ile ilifutwa yote. Mwaka uliofuata washindani walipitishwa huko katika theluji, na manung'uniko yakawa mengi. Tangu mwaka wa 2016 chama kinachotawala mchezo huu duniani kina kanuni ya kuwakutanisha waandalizi na wawakilishi wa washindani kila hali ya hewa inapotisha.

Naye van der Velde hakurudi kwao. Alipopata joto alipanda tena baiskeli, akaendelea siku zote zilizobaki, na mwisho wa mashindano alikuwa wa kwanza katika hesabu ya pointi.