Maneno ya Mgonjwa ni Amana

Sisi wauguzi Waswahili tulioko Texas, Marekani, tumejifunza Kihispania cha hospitalini, kwa kuwa wagonjwa wetu wengi ndicho wakisemacho. Swali la kwanza ni "¿Dónde le duele?", yaani, wapi panakuuma? "Le" hiyo ni ya heshima. Mzee haulizwi kama mtoto. Tulifarijika kukuta humo athari za Kiarabu cha Andalusia: "azúcar" ni sukari, na "ojalá" asili yake ni "Allah akipenda".

Hata hivyo, maneno yafananayo huhadaa. Mwaka 1980 huko Florida, jamaa wa kijana wa miaka 18 walisema ni "intoxicado", wakikusudia kwamba chakula kimemdhuru. Neno hilo lashabihiana na la Kiingereza la ulevi. Madaktari wakadhani amezidisha dawa za kulevya, kumbe damu yavuja ubongoni. Alipooza mikono na miguu.

Kwa hiyo Kihispania chetu ni cha kusalimia, kuliwaza na kuuliza panapouma. Ikifika habari ya ugonjwa wenyewe au idhini ya upasuaji, twamwita mkalimani aliyefunzwa. Wala hatumwachii mtoto kumtafsiria mama yake mambo ya uzazi. Huko ni kumvunjia stara. Maneno ya mgonjwa ni amana, na amana haibebwi kwa kubahatisha.